Kilichoshonwa Ndani ya Kochi

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Tarehe 4 Juni.

Kwa Shemeji yangu Mheshimiwa, Mtunza Ghala, kaka mkubwa wa mke wangu.

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MKE, AU KUELEZWA SABABU

Shemeji,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe na wote mnaolala chini ya paa moja. Dhumuni la waraka huu nalitaja mapema ili nisikupotezee muda: ninaomba mke wangu arudi nyumbani, na kama harudi, ninaomba nielezwe kwa maneno yaliyonyooka nimekosa nini.

Kama ujuavyo, nilisafiri kwenda kuvalisha upya viti vya ukumbi wa mikutano. Niliporejea nilikuta kufuli mlangoni na ufunguo kwa jirani yetu mshona viatu. Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa mambo mawili. Kwanza, nguo za mke wangu na sare zake za wodini hazikuwepo. Pili, kochi langu, lile la mtu mmoja lililo karibu na dirisha, halikuwa na mto wa kukalia. Kochi lisilo na mto, Shemeji, ni kinywa kilichong'olewa meno. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kabati tupu.

Mshona viatu alinieleza kwamba mama mkwe ndiye aliyetoka na mto huo, ameuzungushia shuka na kuushika mbali na mwili kama mtu aliyebeba nyoka, na mke wangu alimfuata nyuma bila kuinua uso. Nilipomuuliza sababu, jirani huyo aliendelea kugonga soli. Mwishowe akasema mtaa mzima unajua kwamba nimemtia mke wangu kwenye chupa.

Mimi sikupita shule nyingi. Kiswahili changu nilikisoma kwenye kamusi iliyokosa jalada, na katika magazeti yanayofungiwa misumari. Kwa ajili hiyo mke wangu amenipa jina la utani, Kwa Mujibu, jina ambalo sijalitumia katika saini yoyote. Alinicheka kabla ya kunipenda, siku nilipokwenda kuvalisha mabenchi ya hospitali, nami nikamwarifu kwamba kicheko chake kimepokelewa. Tangu tuoane, jioni nyingi amekaa nami karakana akinisaidia kushona mito. Mpaka leo hufunga uzi kwa fundo la kuzungusha mara mbili, kama wanavyofunga vidonda, na mimi humwambia kwamba mto hautoki damu. Mtu aliyetiwa kwenye chupa hafanyi mzaha wa namna hiyo.

Simu zangu hazipokelewi. Nasubiri majibu kwa maandishi.

Wako katika undugu,
Fundi wa Makochi


Ghalani, tarehe 9 Juni.

Shemeji,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta muhuri.

Unataka maneno yaliyonyooka, haya. Mama alikuja kumtembelea mwanawe. Akapewa kiti kizuri, kama mtu mzima anavyostahili, na kiti kizuri nyumbani kwako ni hicho chako. Alipokaa akahisi kitu kinamchoma. Akahamia upande wa pili, kikamfuata. Mama ni mifupa mitupu siku hizi, anajua sponji na anajua kisicho sponji. Akaomba mkasi.

Ndani kulikuwa na kifurushi cha kitambaa chekundu. Akakifungua pale pale: mzizi mkavu, kifungo cha shati, na nywele. Nywele zina ile rangi ya kahawia anayopaka dada. Hakuna mtu mwingine mtaani kwenu mwenye nywele hizo, na wewe unajua.

Nilimuuliza dada mbele ya mama kama alikuwa anajua. Akalia tu. Hakutoa neno siku ile, na mpaka leo ukimgusia habari hiyo anatoka chumbani. Mtu aliyefungwa ulimi aseme nini?

Sasa tuongee kama wanaume. Katika nyumba ile, nani anajua kufungua mto wa kochi na kuufunga tena usionekane ulifunguliwa? Mwizi wa nyama ni yule mwenye mafuta mdomoni. Na kama unataka kuniambia kwamba mtu hawezi kukalia dawa yake mwenyewe, mama ameshajibu: ndiyo kazi yake, ulikuwa unamkalia dada yetu.

Na tusidanganyane, tulijiuliza tangu mwanzo. Msichana amesoma uuguzi, tabibu wa watu amemposa kwa adabu, anamwacha anakwenda kwa mtu anayenuka gundi na kuongea kama tangazo la mazishi. Tukasema labda mapenzi ni kipofu. Kumbe alifumbwa macho.

Mama anampeleka kwa mtaalamu mmoja amfungue. Baada ya hapo tutakaa kikao cha familia.

Ni mimi shemeji yako, kwa sasa.


Karakana ya Makochi,
Tarehe 12 Juni.

YAH: UTETEZI NA OMBI LA KUONA USHAHIDI

Shemeji,

Waraka wako umepokelewa, pamoja na dhihaka zake.

Nakanusha. Sijawahi kwenda kwa mganga, sijui mlango wake unatazama wapi, na sisadiki kwamba mzizi mkavu unaweza kumwamuru mtu ampende nani. Nikiwa na nguvu hizo ningezielekeza kwa wateja wanaochelewa kuchukua makochi yao.

Ulichosema juu ya kufungua na kufunga mto ni kweli, na ndicho kinachoniokoa. Kila fundi ana mwandiko wake wa sindano. Mkono mmoja huvuta uzi mpaka kitambaa kinajikunja, mwingine huulegeza, mwingine hurudi nyuma kila baada ya hatua. Ninao mpinzani upande wa pili wa barabara, ambaye niliwahi kumwazima kochi hilo alitumie kama mfano, na jina langu lilipoanza kusikika alianza kutema mate ninapopita. Simshutumu bado. Nileteeni mto pamoja na kifurushi, niukague mshono wa upande ule ambao mama hakuukata. Nikishamjua aliyeshona, nitamtaja mbele ya kikao chenu bila kumwonea haya mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo.

Ninaomba pia mke wangu asipelekwe kwa mtaalamu huyo. Na kama atakubali kusikia, aambiwe kwamba mshona viatu anamwagilia maua yake, kwa kuwa mimi huyamwagilia kupita kiasi.

Wako,
Fundi wa Makochi


Tarehe 17 Juni.

Shemeji,

Dereva wa lori letu anakuletea mto na takataka zake ndani ya gunia. Mama amefurahi viondoke, anasema nyumba inanuka tangu vilipoingia. Mimi sisikii harufu ila ya gundi yako.

Kwa mtaalamu wameshakwenda. Amethibitisha bila hata kuulizwa mara ya pili: mume ndiye.

Kikao ni Jumamosi ya tarehe 28. Wazee wa pande zote mbili wataalikwa. Njoo na huyo mshonaji wako, au njoo na talaka. Mama amesema la tatu halipo.

Shemeji yako


Karakana ya Makochi,
Tarehe 18 Juni.

YAH: KUONDOA UTETEZI

Shemeji,

Kwa barua hii naondoa utetezi wangu wa tarehe 12.

Gunia limefika salama na mshono nimeukagua. Ninathibitisha yafuatayo na sitaongeza neno. Kifurushi kilishonwa ndani ya nyumba yangu, kwa uzi wangu na sindano yangu, na kwa mkono uliofundishwa katika karakana yangu. Hakuna mtu wa nje aliyehusika. Jirani yangu wa upande wa pili wa barabara nilimshuku bure, na asubuhi hii nimekwenda kumwomba radhi. Alishangaa, maana hakujua nilikuwa namshuku, na sasa ananichukia kwa sababu ya halali.

Ninaomba mke wangu asiulizwe tena swali lolote juu ya jambo hili, na mtu yeyote, kwa upole wala kwa ukali. Ninaomba pia asichanjwe tena wala kufukizwa, kwa kuwa hakuna alichofungwa.

Kikao kiamue kitakavyoona inafaa. Sitakuwa na shahidi.

Fundi wa Makochi


Nyumbani kwa mama, tarehe 22 Juni.

Kwa Mujibu,

Kaka alisoma barua yako mezani, kwa sauti, kama hukumu. Mama akasema, mmeona, amekiri kwa mkono wake. Walikula vizuri siku hiyo. Mimi nilikuwa naosha vyombo, na nilielewa kila neno. Mkono uliofundishwa katika karakana yangu. Wewe huwezi kusema uongo hata ukiwa unazama. Unapanga maneno mpaka ukweli unatokea mlango wa nyuma na watu wote wako sebuleni.

Uliona fundo. Najua uliona. Nilipokuwa nashona nilijiambia nilifunge kama unavyofunga wewe, lakini mkono ulishazoea vidonda.

Basi ni mimi. Unataka kujua kwa nini, na hutauliza, utaandika kwamba "sababu hazijabainishwa." Unamkumbuka yule mjane mwenye duka la vitambaa? Kila Jumatatu ulikuwa unakwenda kuchagua rangi. Kahawia na kahawia iliyoiva, kazi ya kupepesa jicho, wewe unashinda huko. Na ulikuwa unarudi unacheka. Nyumbani ulikuwa hucheki, ulikuwa unatoa taarifa. Na kabla ya Jumatatu hizo nilikuwa nimekuuliza siku moja, hivi wewe unanipenda? Ukaweka nyundo chini. Ukafikiri. Ukaniambia, "Nafasi yako katika maisha yangu haijatenguliwa."

Jumatatu zilipozidi, niliwasimulia wenzangu wodini jibu hilo. Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha mlangoni akaomba tumwambie na yeye. Halafu nikajikuta chooni nalia. Mmoja wao akanifuata, akanielekeza kwa mtaalamu.

Mimi ni muuguzi. Nawafukuza watu wanaoleta hirizi wodini. Nilikwenda nimejifunika uso, nikatoa nywele zangu na kifungo cha shati lako, nikaambiwa niweke mahali anapokaa, si anapolala, kwa sababu akilala mtu huwa si wa mtu. Nikashona wewe ukiwa umekwenda kununua sponji.

Na ikafanya kazi. Hilo ndilo linaloniua. Haikupita wiki ukaanza kunisubiri kwenye lango la hospitali. Wewe, uliyesema mtu mzima anajua njia ya kwao. Ukanishonea kile kimto cha shingo cha zamu ya usiku. Kwa mjane ukaacha kwenda. Nikafurahi siku mbili tatu, halafu furaha ikachacha. Kila ukinishika mkono nilikuwa najiuliza, huyu ni yeye au ni mzizi? Miaka miwili nimekaa nayo hiyo. Unajua kupendwa na mtu halafu usiweze kumwamini kwa sababu ya ulichomfanyia wewe mwenyewe? Hujui. Kaa nayo sasa.

Mama alipoomba mkasi ningeweza kusema. Nilifungua mdomo. Yeye akatangulia kusema jina lako, nikaufunga. Si uchawi ulionifunga ulimi, ni woga wa kawaida, ule usio na dawa.

Sikiliza kichekesho. Mtaalamu ambaye mama alinipeleka kwake ni yule yule. Alinitazama, nikamtazama. Akapangusa chano chake cha dawa, akamwambia mama, huyu amefungwa na mumewe. Mama akamshukuru mpaka akapiga magoti. Nimechanjwa kifuani kwa dawa niliyoinunua mwenyewe.

Nilipanga kusema kwenye kikao. Ilikuwa bado kidogo. Halafu ikaja barua yako. Mtu mwenye akili zake timamu akiona mkewe amemtia uchafu kitini na kumwachia aitwe mchawi, anapiga kelele. Anakuja na gunia lake sebuleni kwa watu, anawaonyesha fundo. Wewe umenyamaza, umeinamisha kichwa, umeomba nisiulizwe swali. Hivyo ndivyo mtaalamu alivyoniahidi. Alisema, hata umkosee vipi, atakubeba. Nilisoma yale maneno yako mazuri nikasikia sauti yake.

Kwa hiyo sijui. Unanipenda au unanitii? Siwezi kurudi kukaa nyumba moja na swali hilo. Na siwezi kukaa hapa nikimsikia mama anavyokutaja. Sina pa kukaa, kwa kifupi.

Usimwagilie maua. Mwachie fundi viatu.

Mimi


Karakana ya Makochi,
Tarehe 24 Juni.

Kwa Mke wangu.

YAH: OMBI LA UAMUZI

Mke wangu,

Nimejaribu kuandika barua hii bila kichwa cha habari. Mkono umekataa.

Naanza na lililo gumu. Sijakusamehe. Naliandika waziwazi ili usije ukaichukulia barua niliyomwandikia kaka yako kama msamaha, au kama mzizi unaozungumza. Ulimwacha mama yako abebe mto wangu mbele ya mtaa mzima kama maiti ya mbwa, nawe ukafuata nyuma. Wateja wamekuja kuchukua makochi ambayo hayajakamilika. Mmoja alilipasua lake hapa hapa uwanjani kwa kisu cha jikoni, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, hakukuta kitu, akaondoka bila kuaga. Jina nililolijenga kwa sindano limefumuliwa, na aliyelifumua anajua fika jinsi lilivyoshonwa. Miaka miwili nimekalia woga wako bila kuarifiwa.

Umeuliza kwa nini sikupiga kelele. Jibu ni fupi. Mimi nikiitwa mchawi, bado nina karakana na mlango wa kuingilia. Wewe ukiitwa hivyo na mama yako mzazi, huna lango la kutokea, na wodini hutamshika mgonjwa tena. Nilipima nikaona mzigo huu unabebeka zaidi mabegani mwangu. Niliupima nikiwa na akili zangu. Lakini nimeisoma hoja yako na nimeona ilivyo na nguvu, kwa maana mtu aliyefungwa naye angesema amepima akiwa na akili zake.

Kuhusu mjane mwenye duka la vitambaa, ninalazimika kukueleza jambo ambalo nililificha kwa aibu. Sikuwa nachagua rangi. Siku uliponiuliza kama nakupenda, niliona uso wako baada ya jibu langu, nikajua nimesema kitu kibaya ingawa sarufi yake ilikuwa sawa. Yule mama alikuwa mtu mzima aliyezika mume aliyempenda, nikamwomba anifundishe maneno. Alinipa moja nilirudie. Nilipolirudia, alicheka mpaka akashikilia kaunta, nami nikacheka kwa sababu yake. Tuliendelea hivyo Jumatatu nyingi. Mwishowe akaniambia, "Baba, maneno hayakutaki. Wewe nenda kamsubiri langoni." Nikaja langoni. Nikashona kimto. Sikuwa na haja ya kurudi dukani, kwa kuwa somo lilikuwa limekwisha.

Kumbe wiki hiyo hiyo ulikuwa umeshona na wewe.

Ndivyo ilivyokuwa, na siwezi kukuthibitishia. Yule mama alihamia kwa watoto wake, na hata angeletwa mbele yako, ungesema ameletwa na mtu aliyefungwa. Nimekuwa nikiomba watu ushahidi maisha yangu yote, na leo sina hata mmoja. Nilichokifanya kwa hiari yangu, ulikinunua siku hiyo hiyo kwa mtu mwingine. Kama ungengoja kidogo, au kama mimi ningelisema mapema kwa lugha yoyote, hata mbovu, leo ungekuwa hapa unanicheka.

Sasa nafika kwenye dhumuni.

Kifurushi ninacho. Kipo juu ya meza ya kazi, kati ya mkasi na kopo la gundi. Mimi sisadiki mambo haya. Niliandika hivyo kwa kaka yako na sibadili. Hata hivyo, kila niwashapo jiko la kuchemshia gundi, nakishika, na mkono unarudi nacho. Nimejihoji sababu. Nikikichoma nikaamka sikutaki tena, nitajua uliniibia miaka miwili na kila nilichodhani ni changu ndani yake. Nikikichoma nikaamka bado nakutaka, nitajua kwamba hakuna aliyenifunga, na hasara yote hii ni ya kwangu mwenyewe. Sijui ni lipi ninaloliogopa zaidi.

Na wewe nawe una lako. Kikichomwa nikabaki, utakuwa umepata jibu la swali lako, lakini itakubidi usimame Jumamosi mbele ya mama yako na useme kweli, kwa sababu mimi sitakubali kuishi na mke anayerudishwa kwangu kama mateka aliyekombolewa. Kikirudi mahali pake, nitabaki kuwa mchawi wa familia yenu, nawe utakuwa na mume usiyeweza kumwamini, ila hutalazimika kusema neno.

Mto nimeujaza sponji mpya. Pande tatu nimeshona. Upande wa nne nimeuacha wazi, na sindano imechomekwa pale.

Kikao ni Jumamosi. Ninaomba uamuzi wako kwa maandishi kabla ya siku hiyo: nikichome, au nikirudishe?

Mumeo hadi Jumamosi,
Kwa Mujibu